UKUTA WA MAWE WENYE KIVULI: NI MIMEA GANI ITAKAYOISHI PAJULU?

Barua tunayoijibu wiki hii imetoka Pajulu, kandokando ya mji wa Arua, kwa mama ambaye mumewe ni askari. Nyumba yao imejengwa penye mteremko. Kila msimu wa mvua maji huteremka kwa kasi na kuuchukua udongo wa uwanja, hata msingi wa jiko ukaanza kuonekana. Basi wakakusanya mawe, wakaanza kujenga ukuta mfupi wa kuuzuia udongo, nao umo katika kivuli cha mwembe mkubwa. Mumewe, ambaye amepata kufanya kazi upande wa Kasese, aliiona mimea ya ajabu iotayo katika miamba ya milima ya Rwenzori, na sasa anatamani kuileta nyumbani aipande katika nyufa za ukuta ule. Mama anauliza: Je, mimea ya mlimani itaishi kwetu? Na je, mizizi yake haitauangusha ukuta?

Maswali haya si ya mapambo tu. La kwanza linagusa sheria ya nchi na jasho la mtu, na la pili linagusa usalama wa watoto wachezao chini ya ukuta. Kwa hiyo yafaa tuyajibu kwa utaratibu, moja baada ya jingine.

KWA NINI MMEA WA RWENZORI HUFA BONDENI

Kilele cha Margherita katika Rwenzori kina urefu wa mita 5,109. Mimea ile mikubwa iliyomshangaza askari wetu, yaani lobelia zenye mkungu wa maua mrefu kuliko mtu na senesio zenye shina nene lililovikwa majani makavu, hustawi hasa katika nyanda za juu sana, penye mita zipatazo 4,000. Arua iko kwenye mita zipatazo 1,200 tu. Kwa kawaida hewa hupungua joto kwa nyuzi zipatazo 6 kwa kila mita 1,000 tunazopanda. Ukipiga hesabu utaona kwamba baina ya Arua na makao ya mimea hiyo pana tofauti ya nyuzi zipatazo 17. Kule juu, barafu huweza kuganda usiku wowote wa mwaka, ilhali mchana jua huwaka. Mmea umejifunza kukunja majani yake usiku ili kuulinda moyo wake, na asubuhi huyafunua tena.

Watu wengi hudhani kwamba mmea wa namna hiyo ukiletwa bondeni huuawa na jua. Kivuli wanampa, maji wanampa, na bado unakufa. Sababu kubwa iko katika usiku. Mchana mmea hutengeneza chakula kwa mwanga, na usiku hukitumia chakula hicho kwa kupumua. Usiku ukiwa wa baridi, matumizi ni madogo. Usiku ukiwa wa joto, matumizi huongezeka. Mmea wa mlimani ukilala Pajulu ni kama ghala ambalo kila usiku hutolewa magunia mengi kuliko yaliyoingizwa mchana. Haliwezi kukaa muda mrefu kabla ya kuwa tupu. Kivuli cha mwembe huzuia jua, lakini hakiwezi kuuondoa uvuguvugu wa usiku wa Nile Magharibi.

Tena liko jambo la sheria. Rwenzori ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1991, na mwaka 1994 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kung'oa mmea ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa, na mtu aliyevaa sare ya serikali hapaswi kuwa wa kwanza kulitenda. Kwa hiyo, ndugu askari, mimea ile iache pale pale ilipo. Ukipata likizo, wapeleke watoto wakaione.

MLIMA UNA MENGI YA KUTUFUNDISHA

Hata hivyo, tusivunjike moyo. Kama mmea wa baridi hauwezi kuteremka, desturi zake za mlimani zaweza kuteremka. Mimea ya miamba, iwe ya Rwenzori au ya Ulaya, hupenda mambo manne: mizizi iliyofichwa ndani ya mawe ambako kuna ubaridi na unyevu, maji yapitayo bila kutuama, shingo ya mmea iliyo kavu, na mwanga usiochoma. Ukuta wa mawe uliojengwa vizuri hutoa yote manne. Kilichobaki ni kuchagua mimea ambayo asili yake ni miamba yenye kivuli, lakini ambayo imezoea usiku wa vuguvugu.

Huko Ulaya, wakulima wa bustani wenye ukuta wa kivuli hupenda sana kupanda ramonda, itokayo milima ya Pyrenees baina ya Ufaransa na Hispania, pamoja na haberlea ya milima ya Balkani. Mimea hiyo ina majani mapana yaliyokaa kama sahani, na maua ya rangi ya zambarau. Huipanda ikiwa imelala ubavu katika nyufa za ukuta, ili maji ya mvua yasikae katikati ya majani na kuuozesha moyo wake.

Sasa wasomaji wetu na wajue ya kwamba ramonda na haberlea zina ndugu wa ukoo mmoja hapa hapa Afrika ya Mashariki. Ndugu huyo ni ua la Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwa baba yake huko Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Tangu hapo limeenea madirishani duniani kote, na Wajerumani hata leo huliita kwa jina la Usambara. Wengi wanaolinunua likiwa ndani ya chungu hawajui kwamba kwao ni penye miamba na magenge yenye kivuli, katika misitu ya Tanzania na sehemu ya pwani ya Kenya. Baadhi ya aina zake huota chini kabisa karibu na pwani, mahali ambapo usiku hauna baridi. Hili basi ndilo ua letu la ukuta wa kivuli. Halitaki barafu, linataka mawe.

UKUTA UTAZAME WAPI?

Vitabu vya bustani vya Ulaya husema ukuta wa kivuli ni ule utazamao kaskazini, mwaka mzima. Sisi tulio karibu na Ikweta hatuwezi kulichukua neno hilo bila kulipima. Arua iko karibu nyuzi 3 kaskazini ya Ikweta. Kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Septemba, jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini. Kuanzia katikati ya Septemba hadi mwisho wa Machi hupita upande wa kusini.

Hapo ndipo penye bahati ya watu wa Pajulu. Kiangazi chetu kikali ni kuanzia Desemba hadi Machi, na wakati huo jua liko kusini. Uso wa ukuta utazamao kaskazini, yaani upande wa Koboko, huwa kivulini miezi hiyo hiyo ya ukame. Linaporudi jua upande huo, mvua na mawingu huwa vimekwisha kuanza. Kwa hiyo mwenye nafasi ya kuchagua na auelekeze uso wa ukuta wake upande wa Koboko. Uso wa mashariki nao ni mzuri, kwa kuwa hupata jua la asubuhi ambalo ni la upole. Uso wa kusini wahitaji mti wa kuukinga. Uso wa magharibi ndio mbaya kuliko wote, kwani jua la alasiri huyapasha mawe moto, nayo hukaa na joto hilo hadi usiku.

JINSI YA KUJENGA

Ukuta wa mimea hujengwa kwa mawe matupu, bila saruji, na kwa mtu asiye mwashi usizidi mita 1 kwa kimo. Ukitaka kuzidisha hapo, mwite fundi anayejua kazi. Wale wanaokaa katika nyumba za kambi au za polisi, kwanza waombe ruhusa kwa mkubwa anayehusika, maana ardhi ile si mali yao.

Kwanza, chimba msingi wenye kina cha sentimita 30 na upana wa sentimita 50 au 60. Mawe makubwa kuliko yote yalale humo. Chagua mawe magumu, yale ambayo wavunja kokoto hulalamika kwamba yanawachosha mikono. Mawe mekundu yanayomeng'enyeka kwa kidole yaache, kwa sababu mvua ya misimu michache itayageuza udongo.

Pili, ukuta uegemee mteremko. Ukiwa na kimo cha mita 1, sehemu ya juu irudi nyuma kwa sentimita 15 hadi 20 kuliko ya chini. Ukuta uliosimama wima kama mlingoti ni wa kuogopwa, kwani udongo wa nyuma ukilowa huwa mzito na kuusukuma.

Tatu, kila jiwe liinamishwe kidogo kuelekea ndani, ili maji ya mvua yaingie kwenye mizizi badala ya kuteleza nje. Usiache ufa wa safu moja uwe juu ya ufa wa safu iliyo chini yake. Jiwe moja lifunike maungo ya mawe mawili. Na kila baada ya hatua moja na nusu, laza jiwe refu linaloingia hadi ndani ya mteremko. Jiwe hilo ndilo linaloufunga ukuta na ardhi.

Nne, nyuma ya safu za chini jaza kokoto, na uache matundu madogo chini ya ukuta kwa ajili ya kutolea maji. Juu ya hapo jaza udongo uliochanganywa: sehemu mbili za majani makavu yaliyooza, sehemu moja ya udongo wa kawaida, na sehemu moja ya mchanga mnene. Samadi mbichi isitumike, maana huunguza mizizi.

Hapa ndipo tunapojibu swali la pili la mama yetu. Mizizi ya mimea midogo haiangushi ukuta. Kinachouangusha ni maji yaliyokosa njia. Mizizi midogo hata husaidia kuushika udongo usimomonyoke katika nyufa. Adui ni miche ya miti, hasa mitini ya porini ambayo ndege huidondosha mbegu zake juu ya mawe. Ing'oe ingali na majani mawili. Ukiiacha mwaka mmoja itakuwa na mizizi inene kama kidole, na hapo utakapoing'oa utaling'oa na jiwe. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tunaongeza kwamba usipong'oa mche utaujenga ukuta mara mbili.

KUPANDA NA KUTUNZA

Wakati bora wa kujenga ni Januari hadi Machi, ardhi ikiwa kavu. Wakati bora wa kupanda ni Aprili na Mei, mvua zikishatulia, ili mizizi ipate miezi saba ya kujikita kabla ya kiangazi. Njia iliyo rahisi ni kuacha nyufa zilizojaa udongo wakati wa kujenga, kisha kupanda mvua zikifika. Ulaze mmea ubavu, mizizi ikielekea ndani kabisa ya udongo, na shingo yake iwe sawa na uso wa ukuta. Ushindilie kwa kijiti, kisha uweke vijiwe vidogo chini yake ili udongo usichuruzike.

Ua la Usambara lipewe mahali palipo na kivuli zaidi, chini ya jiwe lililotokeza kidogo ili mvua ya mawe na matone ya mwembe yasilipige. Miche yake hupatikana kwa jani moja tu. Kata jani zima pamoja na kikonyo cha sentimita 3 au 4, ukichomeke katika mchanga wenye unyevu kivulini, ulifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Baada ya mwezi mmoja au miwili hutoa mizizi, na baadaye vichipukizi hutokeza chini ya jani. Anza na vyungu, na uhamishe ukutani mimea iliyokwisha kupata nguvu.

Pamoja nalo panda kangaga, ambazo kila mtu huziona kwenye kingo za mito na visima. Panda pia impatiensi, ua laini lipendalo kivuli. Nalo ni la kwetu: mbegu zake zilipopelekwa Uingereza kutoka Zanzibar na John Kirk, mwaka 1882 lilipewa jina la heshima ya Sultani wa huko. Hukua kwa kipande cha tawi kilichowekwa ndani ya glasi ya maji, kwa hiyo halimgharimu mtu hata shilingi. Juu kabisa ya ukuta, penye jua na ukavu, weka mkonge mwitu au mshubiri. Hiyo huvumilia ukame, na mizizi yake huukinga ukingo wa juu usiporomoke.

Kiangazi kikifika, usinyunyize majani ya ua la Usambara kwa maji ya baridi, kwani hupata mabaka. Chukua jerikeni kuukuu, itoboe tundu moja dogo kwa msumari wa moto, uiweke juu ya ukuta upande wa nyuma, uijaze maji jioni. Yatadondoka polepole usiku kucha na kushuka hadi kwenye mizizi. Maji yaliyooshea mboga au mchele yafaa sana; maji ya sabuni hayafai. Mara mbili kwa wiki yatosha kwa ukuta mfupi wenye kivuli, na hivyo mama hatalazimika kurudi kisimani kwa ajili ya maua.

TAHADHARI MBILI

Ya kwanza ni nyoka na nge, ambao hupenda mianya mitupu ya mawe. Ukuta uliojazwa udongo na mimea katika kila ufa huwapa nafasi ndogo kuliko chungu ya mawe iliyotupwa ovyo. Hata hivyo, fyeka nyasi zilizo chini yake, usirundike kuni hapo, na uwakataze watoto kuingiza mikono kwenye matundu. Mwenye kung'oa magugu atumie kijiti kwanza, kisha mkono. Mtu akiumwa, asichanjwe wala asifungwe kamba ya kubana. Atulizwe, na apelekwe hospitali mara moja.

Ya pili ni mti wa kivuli. Katika milima ya Usambara, ua lile limo hatarini porini, na baadhi ya aina zake zimebaki chache mno. Msitu ukikatwa juu ya mwamba, mwamba hubaki pale pale, lakini jua huupiga, unyevu hutoweka, na ua hufa. Ndiyo sababu mahali kama Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, pana thamani kubwa. Ndiyo sababu pia tunawasihi wasomaji wachukue majani ya kupandikiza kwa jirani au wanunue kwa wauza miche, wala wasitafute ya porini. Jambo hilo hilo litatokea Pajulu. Miti mingi ya Nile Magharibi imekwisha kuwa mkaa na kuni za kukaushia tumbaku. Mwembe wa nyuma ya nyumba ukikatwa kwa ajili ya magunia machache ya mkaa, ukuta wa mawe utabaki, na vyote vilivyomo vitakauka katika kiangazi kimoja. Mwenye mti na autunze, na asiye nao apande sasa, kabla hajabeba jiwe la kwanza.

Mwisho, tunajua kwamba familia za askari na polisi hazikai mahali pamoja. Leo ni Arua, kesho ni Moroto au Mbarara, na mama husema, ya nini kupanda kitu nitakachokiacha? Jawabu letu ni kwamba ukuta utauzuia udongo wa mwenzako atakayeingia katika nyumba ile, nawe huenda ukaingia katika nyumba ambayo mwingine aliitunza. Na siku ya kuhama, chuma majani matatu ya ua la Usambara, uyafunge kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, uyaweke mahali pasipo na jua. Yatavumilia safari ya siku moja au mbili bila shida, na huko uendako utaanza tena kwa mchanga na chupa iliyokatwa.